Shosho kwa Vipande Tisa

Kila wiki kuna mtu anahakiki filamu, albamu, riwaya, hata chapo za mahali fulani. Sijawahi kuona mtu akihakiki ukuta wa skrini. Na kutoka Ruiru hadi Thika, hiyo ndiyo sinema yetu. Ile ya kulipia tikiti inataka upande matatu, upange siku, utafute mtu wa kwenda naye. Ya ukuta iko baa, iko kanisani, iko benki ukingoja namba yako iitwe, iko juu ya barabara ukipita saa tano usiku ukiwa umelalia dirisha la mathree. Hakuna anayekuuliza kama unataka kuitazama.

Nitakachohakiki hapa si kile kinachoonyeshwa. Mpira ni mpira, mahubiri ni mahubiri. Nahakiki namba mbili zilizo nyuma ya kila ukuta wa aina hii: mwangaza wake umewekwa kiasi gani, na nyeupe yake ni nyeupe gani. Mtu fulani alizichagua, au alizembea kuzichagua na uzembe wake ukawa uamuzi. Mwandishi akitumia nafsi ya kwanza tunamuuliza kwa nini. Mwongozaji akiweka kamera chini ya goti tunamwandikia aya tatu. Fundi akiacha skrini kwenye modi ya "Vivid", taa juu hadi mwisho, halafu akabeba ngazi yake akaenda, hakuna anayesema kitu. Na watu wataangalia uamuzi huo kila siku hadi skrini zife.

Tuanze Kamakis kwa sababu Kamakis ni rahisi. Jumamosi usiku, moshi wa mbuzi umetanda hadi Eastern Bypass, na pale ndani kuna ukuta wa tatu kwa tatu: skrini tisa za inchi 55, zimepangwa kama dirisha kubwa. Ligi ya Uingereza iko hewani. Mchezaji anaanza winga ya kushoto na jezi nyekundu, akifika katikati jezi imekuwa ya machungwa, akipiga krosi ni waridi. Uwanja wenyewe ni mashamba tisa ya wakulima tisa, kila mmoja na mbolea yake. Nilikaa pale nusu ya kwanza nzima nikitazama mpira ukibadilika rangi, na jamaa wa meza ya pili alikuwa ameshaliona hilo kitambo. Alikuwa anaita ile skrini ya katikati "KPLC", kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa na stima kuliko zote.

Inachekesha, na kwa mpira sina shida nayo sana. Mpira unasonga, jicho linafuata mpira, bia inasaidia. Lakini sababu ya ule uchafu ni muhimu kuielewa, maana ni hiyo hiyo kila mahali. Skrini mbili zilizotoka kiwanda kimoja, jina moja, namba moja ya modeli, hazifanani. Zikitoka mafungu tofauti ya uzalishaji tofauti huongezeka. Taa ya nyuma hufifia kadiri saa zinavyosonga, na haifififii kwa kasi moja kwa zote. Halafu moja inaungua, inaletwa mpya, na mpya inawekwa katikati ya wazee. Ile ya meza ya pili waliyoiita KPLC ilikuwa ndiyo mgeni.

Jicho nalo lina tabia yake. Mwaka wa 1865 mwanafizikia Ernst Mach alieleza jambo ambalo mchoraji yeyote wa mabango anajua bila fizikia: pale ambapo mwanga wa aina mbili unakutana, jicho huongeza chumvi. Upande mweupe huonekana mweupe zaidi karibu na mpaka, na mweusi mweusi zaidi. Mwanga ukibadilika polepole kutoka pembe moja ya ukuta hadi nyingine hutajua. Ukibadilika ghafla kwenye mstari ulionyooka, tofauti ya asilimia mbili tu inaweza kukuonekania. Na ukuta wa skrini ni mistari iliyonyooka mwanzo hadi mwisho.

Kuna kejeli hapa ambayo wauzaji hawaitangazi. Zamani ukingo kati ya picha na picha ulikuwa mnene, mstari mweusi unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa unanunua kuta zenye pengo la milimita 3.5, au 1.8, au hata 0.88. Watu wanalipa pesa nyingi kupunguza ule mstari. Lakini mstari mnene ulikuwa unasaidia kuficha: ulitenganisha skrini na skrini, jicho likakosa mahali pa kulinganisha. Ukiuondoa, majirani wanagusana bega kwa bega, na kama hawafanani utajua saa hiyo hiyo. Ukuta wa bei ghali usiosawazishwa ni mbaya kuliko wa bei rahisi usiosawazishwa.

Kabla sijaendelea, vipimo. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Niti moja ni kandela moja kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha sinema ya kidijitali ni niti 48 tu, ndiyo maana wanazima taa. Skrini ya kuhariria video studioni huwekwa 100. Skrini za kujengea ukuta huuzwa zikiwa na 500 au 700. Bango la LED la barabarani, linaloshindana na jua la saa saba mchana, linahitaji elfu tano na zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "skrini yangu ni kali", swali la kwanza ni kali kwa nani, amekaa wapi, na dirisha liko upande gani.

Haya mambo sikuyasoma darasani. Chuo niliacha mwaka wa tatu, na kile nilichokuwa nasomea hakikuwa na skrini hata moja. Niliyajua kwa sababu naandika kwa kulipwa, kitu chochote, na mwaka uliopita fundi mmoja wa Thika alinipa kazi ya kuandika maelezo ya biashara yake. Ofisi yake iko orofa ya pili, chini kuna duka la mbegu na dawa za kunyunyizia mimea, ukipanda ngazi unanusa DAP hadi juu. Aliniambia siwezi kuandika juu ya kazi ambayo sijaishika, akanibeba kwenda kusawazisha ukuta wa ukumbi wa harusi. Kazi yangu ilikuwa kushikilia kifaa. Kinaitwa kolorimita, kinatoshea kiganjani, unakielekeza kwenye kioo na kinakusomea mwangaza na rangi kwa namba.

Kwanza tuliwasha ukuta tukakaa nusu saa bila kufanya kitu. Skrini baridi hudanganya. Inabidi ipate joto la kazi ndiyo usomaji wake uaminike. Mapazia yakafungwa. Halafu akaweka nyeupe tupu kwenye skrini zote, na mimi nikawa napita moja baada ya nyingine nikipima katikati, yeye akiandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya Naivas. Skrini hizo ziliuzwa kama za niti 500. Moja ilisoma 488. Moja 470. Ya chini kulia, karibu na mlango wa jikoni, ilisoma 420 na ilikuwa imefunguliwa yote, taa yake haina pa kwenda tena.

Fundi akapiga mstari chini ya 420, akaandika 390.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na nilitarajia iwe ngumu zaidi. Huwezi kuipandisha iliyochoka. Unaweza kuzishusha zingine. Kwa hiyo lengo la ukuta mzima linachukuliwa kutoka kwa skrini dhaifu kuliko zote, halafu unashuka kidogo tena ili mwaka ujao, hiyo dhaifu ikishapungua zaidi, bado ina mahali pa kusogea na usianze upya. Na unashusha kwa kupunguza taa ya nyuma, si kwa kufifisha picha yenyewe. Ukifisha picha, nyeupe inashuka lakini nyeusi inabaki pale pale na ule ukijivu wake, na ukuta wote unaonekana kama umepakwa vumbi.

Mwenye ukumbi alikuja akasimama nyuma yetu.

"Fundi, hizi nilinunua za 500. Mbona unanipa 390?"

"Mdosi, hii ya chini haifiki 420."

"Kwa hivyo hizo nane zifungwe mikono juu ya moja?"

"Ndiyo, mdosi."

Sikuandika jibu hilo kwenye maelezo ya biashara. Lakini nimelifikiria sana. Mdosi hakuwa mjinga. Alikuwa na risiti, na risiti ilisema 500. Alichokosa kuona ni kwamba hakununua skrini tisa. Alinunua ukuta mmoja, na ukuta haujawahi kuwa na niti 500. Namba ya kwenye boksi ni ya skrini ikiwa peke yake. Fundi alimpoza kwa kubadilisha mahali: ile iliyochoka ilikuwa kwenye pembe tayari, lakini kulikuwa na nyingine, ya 445, iliyokaa katikati kabisa ambapo nyuso za maharusi hutua. Akaihamisha ukingoni. Kwa mbinu hiyo skrini mpya nayo haiingizwi katikati ya wazee. Inapelekwa pembeni, na ya pembeni inakuja kujaza pengo. Tulitoka pale saa mbili usiku, na mdosi alikuwa anapiga picha ukuta wake na simu.

Sasa nyeupe.

Mwangaza watu wanaulewa haraka, ni kama sauti ya redio. Nyeupe ni ngumu zaidi kwa sababu hakuna mtu anayeamini kwamba ziko nyingi. Toka nje asubuhi na karatasi, kisha ilete chini ya balbu ya njano ya kejani: ni karatasi ile ile, jicho limerekebisha. Kwenye skrini nyeupe hupimwa kwa kelvini. Kiwango ambacho video ya dunia nzima hutengenezewa kinaitwa D65, takriban kelvini 6500, mwanga wa mchana wenye mawingu kiasi. Ukipanda juu ya hapo nyeupe inaelekea bluu. Japani kwa miaka mingi walipendelea 9300. Skrini nyingi zikiwa kwenye modi ya dukani ziko huko juu pia, kwa sababu kwenye rafu nyeupe ya bluu hushinda ile ya jirani, inaonekana safi, kama shati lililotiwa rangi ya kufulia.

Kuishusha hadi 6500 kuna gharama. Skrini hutoa mwanga wake wote rangi tatu zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, na mara nyingi jumla yake ni nyeupe yenye ubluu. Ili uifikishe D65 unakaba bluu, na kidogo kijani. Kukaba bluu hakuumizi: katika kiwango cha televisheni ya HD, bluu hubeba kama asilimia 7 tu ya mwangaza tunaouona. Kijani hubeba 72. Ukikigusa hicho, niti zinashuka, na mdosi anarudi na risiti yake. Kwa hiyo ukutani namba mbili hizi zinavutana, na mahali pengi mwangaza ndio hushinda, kwa sababu mwangaza unaonekana kwa mwenye pesa siku ya kwanza.

Nani hulipa? Hapa nitoke Thika nirudi Ruiru, kwenye ukumbi mmoja wa ibada ambao sitautaja.

Rafiki yangu alifiwa na shosho yake. Nilipewa kazi ya kutengeneza slaidi za kumuaga, picha arobaini na kitu, za tangu ujana wake akichuma kahawa hadi ile ya mwisho, amekaa nje kwa kiti cha plastiki, leso ya manjano kichwani. Ile ya mwisho nilikaa nayo karibu usiku mzima. Ilikuwa imepigwa na simu, kivuli kimeingia nusu ya uso. Niliifungua kivuli polepole hadi mikunjo ya macho ikaonekana, nikaitunza ile rangi yake, kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo kwenye mashavu. Rafiki yangu aliiona kwenye laptopu yangu akasema, "Ni yeye." Nikaikata ibaki uso na leso, ndiyo iwe juu wakati familia inasoma wasifu.

Siku ya ibada ikapanda ukutani. Skrini tisa. Leso ilikuwa manjano tatu. Shavu la kushoto lilikuwa la kijani kidogo, la kulia lilikuwa la bluu, rangi ya kitu kilichotolewa kwenye friji. Katikati, kuanzia macho hadi mdomo, kulikuwa na skrini mpya, kali kuliko zingine, na pua ya shosho iling'aa kana kwamba ametolewa kwenye picha nyingine akabandikwa. Mama mmoja mbele yangu aligeuka kwa mwenzake akauliza kwa sauti ya chini kama huyo ndiye alikuwa mgonjwa hivyo.

Kijana wa mitambo nilimfuata nyuma. Alikuwa mpole, alikuwa anajitolea, hakuna mtu aliwahi kumwonyesha. Alichukua remoti akaongeza mwangaza. "Sasa inaonekana poa, si ndiyo?" Ikaonekana zaidi, ndiyo. Kila kosa likaonekana zaidi.

Rafiki yangu hajawahi kunitajia siku hiyo, na sijamwuliza. Ila nilijua kitu ambacho vitabu vya kusawazisha husema kwa lugha kavu: ukuta ukiwa na picha ya samaki, au nembo ya kampuni, au maua, watu watasamehe mengi. Uso ndio hausamehewi. Tunaujua uso kuliko tunavyojua kijani cha nyasi. Na ngozi nyeusi ndiyo ya kwanza kuumia, kwa sababu iko chini kwenye ngazi ya mwangaza, mahali ambapo mafundi wengi hawapimi kabisa. Wanapima nyeupe, wanalinganisha nyeupe, wanafunga kazi. Skrini mbili zinaweza kukubaliana kwenye nyeupe na zikagombana kwenye kahawia. Fundi wangu wa Thika baada ya nyeupe hushuka kwenye vijivu, chini hadi karibu na giza, na hapo ndipo masaa yake mengi huishia. Wateja hawamlipi kwa hizo saa, wanadhani amemaliza kitambo.

Historia hii si mpya. Kodak, kuanzia miaka ya 1950, ilikuwa ikituma kwa maabara za picha kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa lengo, na wengine wote walitoka jinsi walivyotoka. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza jinsi malalamiko yaliyosukuma kampuni kurekebisha filamu yalivyotoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao kahawia zao hazikuwa zikitofautika kwenye matangazo. Mbao zilisikizwa kabla ya watu. Jean-Luc Godard, alipoitwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, inasimuliwa alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Na usifikirie tumetoka mbali sana: Tecno ilipata soko kubwa huku kwetu kwa sehemu kwa kuuza kamera iliyopangwa kwa ngozi yetu, na Google ilikuja na hoja hiyo kwenye Pixel 6 mwaka wa 2021. Kamera zimeanza kujifunza. Kisha picha inapanda kwenye ukuta uliowekwa ili ushinde rafu ya duka, na kazi yote inarudi nyuma.

Hapa kuna pingamizi la maana, na fundi mwenyewe ndiye aliniletea. Jicho huzoea. Ukuta wote ukiwa wa bluu kwa usawa, dakika tano baadaye ubongo umeshaukubali kuwa ni mweupe, kama ile karatasi chini ya balbu. Kwa hiyo kama lazima uchague moja kati ya usahihi na ulingano, chagua ulingano. Nakubaliana naye karibu yote. Skrini tisa zenye kelvini 7500 zinazofanana ni bora mara kumi kuliko tatu za 6500 na sita zinazotangatanga. Wataalamu wana kipimo cha tofauti ya rangi, delta E. Moja ni tofauti ambayo jicho linaiona kwa shida, chini ya tatu watu wengi hawalalamiki. Ukipata skrini zote tisa ndani ya tatu, nenda kalale.

Lakini kamera haizoei. Ibada ile ilikuwa inarushwa YouTube kwa sababu nusu ya familia iko Lowell, Massachusetts, na mjukuu mmoja yuko Doha zamu ya usiku. Mpiga kamera alikuwa ameweka nyeupe yake kwa taa za jukwaani. Waliokuwa ukumbini macho yao yalijitahidi. Waliokuwa Lowell waliona jukwaa la kawaida, wachungaji wa rangi ya kawaida, na nyuma yao uso wa samawati. Wakati watu wanahudhuria mazishi kwa simu, lengo la D65 linaacha kuwa mapambo ya mafundi. Ni makubaliano kati ya aliyehariri na anayetazama, kwamba kahawia niliyoiona mimi usiku ule ndiyo utakayoiona wewe. Wanuri Kahiu alipotengeneza *Rafiki*, waridi na zambarau zake zilikuwa hoja, filamu yote imesimama juu ya rangi. Ilifika Cannes 2018. Ukiionyesha kwenye ukuta wa Kamakis, unaonyesha hoja nyingine.

Nikisema hivi kuna watakaonisoma kama askari wa usawa, na siko hapo. Nam June Paik, msanii aliyezaliwa Seoul, mwaka wa 1995 alitengeneza ramani ya Marekani kwa televisheni 336 na taa za neoni, akaiita *Electronic Superhighway*. Kila jimbo lina video yake na kelele yake. Nani angeenda pale na kolorimita? Ukisawazisha kazi ile umeiua. Na sisi wenye Superhighway ya lami tuna nganya zetu, skrini kila kiti, kila moja na rangi yake, na hakuna mtu wa Thika amewahi kushuka akilalamikia delta E. Tofauti ni ahadi. Nganya inaahidi fujo. Paik aliahidi fujo. Ukuta wa tisa unaoonyesha uso mmoja umeahidi uso mmoja.

Benki nitazipita haraka. Nyingi nilizoketi ndani, kutoka Ruiru mjini hadi Section 9, zina ukuta mdogo wa mbili kwa mbili, mwangaza wa wastani, rangi karibu sawa. Ndizo kuta bora zaidi katika barabara hii yote, na zinaonyesha viwango vya kubadilisha fedha.

Mabaya zaidi ni ya nje, na si kwa sababu ya rangi. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, na tangu hapo kando yake mbao za karatasi zimekuwa zikipokonywa nafasi na za LED. Mchana sina ugomvi nazo, jua linazishinda nusu ya siku. Shida ni kwamba jua linazama saa kumi na mbili na nusu na baadhi ya hizi mbao hazijui. Zile elfu tano zilizohitajika saa saba mchana bado ziko pale saa saba usiku, ambapo mia kadhaa zingetosha na kubaki. Kuna kihisi cha mwanga cha kufanya kazi hiyo, kinafungwa juu ya bango, kinasoma giza na kushusha niti chenyewe. Au unaweka ratiba ya saa tu. Hapo lengo halipaswi kuwa namba moja. Linapaswa kuwa mbili angalau, ya mchana na ya usiku, na ya usiku ichaguliwe na mtu ambaye amewahi kulala karibu.

Namjua mmoja. Anakaa bedsitter orofa ya nne upande wa Ruiru, dirisha linaangalia barabara, kodi ilipunguzwa kidogo na mwenye ploti hakueleza sababu. Usiku wa kwanza alielewa. Tangazo la maziwa linageuza shuka nyeupe, la bima linaifanya nyekundu, la simu linaifanya zambarau, sekunde kumi kumi, hadi alfajiri. Anasema sasa hahitaji saa. Mzunguko wa matangazo ukifika kwa maziwa mara ya sita anajua dakika ngapi zimepita bila usingizi. Alijaribu pazia, mwanga ukapenya. Akaenda Gikomba akanunua blanketi nzito la mtumba, la kijivu, akaligongomelea juu ya dirisha kwa misumari minne. Mchana analiacha hapo hapo, kwa hiyo chumba chake saa nane mchana ni giza, na yeye anawasha balbu ili asome.